"Docta, mbwa wangu anakufa na mfuko ni mtupu"

Mbwa wengi wa Lubumbashi hawakuletwa nyumbani ili wabembelezwe. Wanakula bukari wa jana na vichwa vya samaki wa tomsoni, mchana wanalala chini ya mwembe, usiku ndio wanaomzuia mwizi asiruke ukuta. Siku mmoja wao anaposhindwa kuinua kichwa, ndipo watu wanagundua kwamba alikuwa mtu wa nyumbani. Maswali haya nimeulizwa na watu wa Katuba, Ruashi, Kampemba na Bel-Air, wengi wao wakiwa wamesimama mlangoni na mnyama mikononi. Mimi ni daktari wa mifugo. Hesabu ya fedha nimejifunza kwa kukosea.

Mtoto wa mbwa wangu ana miezi minne. Anatapika na kuharisha damu tangu juzi. Kliniki wanataka malipo ya awali ambayo sina. Ni wapi wanatibu bure?

Mama, usiimalize siku ya leo ukizunguka mji kutafuta mlango wa bure. Kuna miji yenye milango hiyo. London, mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, Maria Dickin alifungua zahanati ya wanyama wa maskini huko Whitechapel, na shirika lake, PDSA, lipo hadi leo. Nairobi wana KSPCA, chama cha kuwalinda wanyama. Sisi tuna kitu cha namna nyingine: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa mifugo, na mwanafunzi wa kazi hii hajifunzi kwa picha, anahitaji mnyama mgonjwa mbele yake. Sikwambii ni bure. Nakwambia ubishe hapo mapema, na ukiingia useme waziwazi: "Falanga nilizo nazo ni hizi. Mbwa anaharisha damu tangu juzi, hana chanjo hata moja." Maneno hayo yatakufikisha mbali kuliko machozi, maana daktari anajua papo hapo aanzie wapi.

Mbwa mdogo asiye na chanjo akiharisha damu, kichwa changu kinakwenda kwenye parvo kwanza, ingawa minyoo na dawa ya panya navyo huleta damu. Kama ni parvo, ujue unalipia nini. Dawa tulizo nazo hapa haziui kirusi chenyewe. Kinachomuua mbwa ni kukaukiwa maji, pamoja na bakteria wanaopenya kwenye utumbo uliochanika hadi ndani ya damu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bili ni kitanda: drip usiku na mchana, mtu wa kumwangalia, siku tatu, tano, pengine saba.

Hapo ndipo penye nafasi ya kuongea. Watu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walichukua mbwa 40 wenye parvo. Nusu walilazwa kwa matibabu kamili. Nusu nyingine waliwekewa drip ya kuwainua mwanzoni tu, kisha wakafuata utaratibu wa mgonjwa asiyelazwa: maji chini ya ngozi, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki, chakula kidogokidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliolazwa walipona asilimia 90, wale wengine asilimia 80. Kulazwa ni bora, sitakudanganya. Lakini mwenye asilimia 80 mkononi hajashindwa. Basi usimwambie daktari "punguza bei". Mwulize: "Tunaweza kuanza na drip leo, kisha nimlete kila asubuhi na jioni kwa maji na sindano?" Akikubali, usikose hata mara moja, na usiku umlaze mahali penye joto. Na uani kwako, kirusi hicho hukaa kwenye udongo miezi mingi. Mwagia javeli kwenye sakafu, wala usilete mtoto mwingine wa mbwa mwezi ujao kwa sababu tu jirani anawagawa.

Naweza kubishana bei na vetereneri kama ninavyobishana soko la hapa mtaani Kenya?

Unaweza, ila utatoka na punguzo dogo na daktari mwenye kinyongo. Bidhaa nyingi za mji huu, dawa zikiwemo, hupitia mpaka wa Kasumbalesa na hulipwa kwa dola. Kwenye chupa ya dawa ya usingizi daktari hana pa kukata. Bishana juu ya orodha. Omba devi, yaani makadirio ya bei, iliyoandikwa mstari kwa mstari, halafu kwa kila kipimo uliza: jibu likitoka hivi au vile, dawa itabadilika? Kama dawa ni ileile kwa vyovyote, kipimo kinaweza kungoja.

Chukua mbwa wa kupe: homa, fizi zimepauka, damu inatoka puani. Ikiwa daktari anaona ni erlikia, doksisiklini ya siku 28 ni molekuli ileile inayouzwa kwenye famasi ya watu. Akikuandikia kipimo kulingana na uzito wa mbwa, hulazimiki kuinunua kwake, na daktari mwema hatanuna. Au ule uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wanapopandana: unatibiwa kwa sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Bili ya namna hiyo imejigawa yenyewe, lipa sindano mojamoja. Usiishie ya pili kwa kuwa uvimbe umesinyaa. Uvimbe utarudi, nawe utaanza kulipa upya.

Kuhusu malipo ya awali, msitukasirikie sana. Mwanzoni mwa kazi nilikuwa natibu kwa ahadi. Daftari la madeni ninalo hadi leo, kurasa zake zimegeuka njano. Watu hawakuwa wabaya: mbwa akipona deni linasahaulika, akifa deni linachukiza.

Mdogo wangu yuko Liège, anasema tufungue mchango mtandaoni. Nianzie wapi?

Afungue yeye, kwa jina lake, hukohuko Ubelgiji. GoFundMe haifungui mchango kwa mtu aliye Kongo wala kumlipa kwenye akaunti ya huku. Wewe kazi yako ni kumpa vitu vya kuaminika: picha moja ya mbwa, devi yenye jina la kliniki, na maneno machache yanayosema ugonjwa ni upi na daktari anakadiria nini. Usiandike riwaya.

Omba kiasi cha leo na kesho, usiombe cha ugonjwa mzima. Mtu akiona dola 600 anaahirisha. Akiona pengo la 40 la drip ya usiku huu anafungua simu. Fedha zikifika, zisipitie mfukoni mwako. Iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, zitumwe moja kwa moja kwa namba ya kliniki, na picha ya risiti irudi kwenye grupu ya WhatsApp siku hiyohiyo, hata kama ni falanga 5,000. Na semeni tangu mwanzo fedha zitakazobaki zitakwenda wapi, mbwa akipona au akifa. Nimeona familia zikigombana juu ya kaburi la paka kwa kuwa jambo hilo halikusemwa.

Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ni mwezi wa tatu kutoka sasa. Ni aibu kuomba nibadilishane kwa sababu ya mbwa?

Si aibu, ila usiliombe kwenye kikao mbele ya wote. Mwendee kwanza mama anayeshika daftari, umwonyeshe devi. Halafu mtafute yule ambaye zamu yake iko karibu na hana haraka. Akikubali, kikao kitapitisha tu. Kama mbwa analinda uwanja wenye nyumba tatu, pita pia kwa wapangaji wenzako. Kila mmoja wao analala vizuri kwa sababu yake, na wengine hawajawahi kumtupia hata mfupa. Waulize kwa utani, lakini waulize.

Mimi ni santineli. Mbwa ni wa patroni, naye yuko safarini. Nimtibu kwa mshahara wangu?

Hapana, ndugu yangu. Mwenye mbwa ndiye anayelipa. Mpigie, na asipopokea mtumie picha na sauti fupi: mbwa ameacha kula lini, anatapika au hatapiki, kliniki inadai kiasi gani. Omba jibu la maandishi, "ndiyo, atibiwe hadi kiasi fulani", kisha limwonyeshe daktari. Ukitoa zako kwanza, omba risiti yenye jina la patroni, sio lako.

Jirani ananiambia nimpe paka nusu kidonge cha paracetamol wakati natafuta falanga.

Usimpe! Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo. Damu inageuka kahawia, uso unavimba, na dozi ndogo inatosha kumuua. Ibuprofeni nayo hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Kivuli, maji safi, na simu kwa daktari.

Mbwa wetu amebadilika, anadondosha mate, taya limelegea, hawezi kunywa. Jana alimng'ata mtoto. Hatuna za kumtibu.

Acheni kutafuta za mbwa. Msimfungue mdomo mkidhani mfupa umekwama kooni. Wengi wamejiingiza hatarini kwa namna hiyo. Mfungieni peke yake mahali ambapo hakuna atakayemgusa, na mwite daktari wa mifugo wa serikali. Hicho huenda ni kichaa cha mbwa, na mbwa akishaonyesha dalili hakuna tiba yake, hata kwa tajiri.

Mtoto: osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, hata kama aling'atwa jana, kisha kituo cha afya leo hii, kwa chanjo. Falanga yoyote iliyokwisha kuchangwa kwa mbwa ihamie hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu karibu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Na kila mwaka ikikaribia tarehe 28 Septemba, siku ya kimataifa ya kichaa cha mbwa, ulizeni kama kuna kampeni ya chanjo. Ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895.

Nitajuaje wakati wa kuacha?

Swali hili watu huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaiba. Mimi hulileta mwenyewe siku ya kwanza, pamoja na devi. Figo zikishakufa, saratani ikishafika mapafuni, fedha za mchango zinanunua siku za mateso, na hakuna aliyechanga kwa ajili ya hizo. Sindano ya mwisho nayo ina bei. Iulize mapema, isikukute umeshamaliza zote kwenye drip. Na kumlaza mnyama kwa amani si kumtupa.

Papa mmoja wa Kamalondo aliniuliza bei ya sindano hiyo, akatoka nje, akarudi na falanga za drip ya usiku mmoja. Tukapatana: hadi kesho saa nne, mbwa wake asipoinua kichwa, tunaacha. Kesho yake saa moja na nusu asubuhi nilimkuta tayari kwenye benchi, sahani ya plastiki mapajani, bukari kidogo na kichwa cha tomsoni, vimefunikwa kwa kitambaa.