Homa Si Ugonjwa Mumoja: Somo la Banalia



Hapa Kisangani mutu akipata homa, jirani anasema palepale: «Ile ni malaria.» Mara nyingi ni kweli, maana mbu wetu ni wengi. Lakini si kila mara. Leo tujifunze pamoja kwa nini inafaa kumjua adui kwanza, kisha kuchagua dawa.

1. Jambo lililotokea

Banalia iko kaskazini ya Kisangani, kwenye muto Aruwimi, katika Tshopo yetu hii. Mwaka 2021 watu wa kule walishikwa na homa kali, kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa. Homa na kichwa, hata malaria inavileta. Vipimo vilitumwa mpaka Institut Pasteur ya Paris, na huko wakaona bakteria ya meninjiti, ndiyo homa ya uti wa mgongo, aina ya W. Tarehe 8 Septemba 2021 serikali ikatangaza epidemi. Wagonjwa waliodhaniwa walipita 2,000, na waliokufa walikuwa karibu 200.

2. Namna mwili unavyopigana

Bakteria hii inaweza kukaa kooni mwa mutu muzima bila kumufanya kitu. Inapita kwa mate na kikohozi, hasa kwa watu wanaolala chumba kimoja au kunywa kikombe kimoja. Mara chache inaingia katika damu, inafika kwenye ngozi nyembamba inayofunika bongo. Hapo ndipo ugonjwa unaanza.

Ndani ya damu kuko askari, ndizo chembe nyeupe. Kazi yao ni kumeza vidudu. Lakini bakteria hii imevaa koti la sukari lenye utelezi. Ni kama kumukamata kambale kwa mikono mitupu: unashika, anaponyoka. Kwa hiyo mwili unatengeneza antibodi, zinazonata juu ya koti lile, na askari wanapata pa kushikia. Shida ni moja: kuzitengeneza kunachukua siku nyingi, na meninjiti inaweza kuua kwa siku moja tu.

3. Dawa na chanjo

Antibiotiki inaupatia mwili nafasi. Kule Banalia waganga walitumia sindano za seftriaksoni. Dawa hii inazuia bakteria kujenga ukuta wake, nayo inapasuka. Virusi haina ukuta kama ule. Ndiyo maana antibiotiki haiponyeshi mafua wala surua. Na kidudu cha malaria kina dawa zake yenyewe.

Chanjo inafanya kazi mbele ya vita. Inaonyesha mwili kipande cha lile koti la sukari, na mwili unatengeneza antibodi mapema. Siku adui akija, askari wako tayari. Watu wa Banalia walichanjwa pia.

4. Vidonge viwili vya soko

Tunajua wenzetu wengi wanafanya namna hii: homa inakuja, wananunua vidonge viwili vya antibiotiki sokoni, wanameza, wanangoja. Tuangalie matokeo. Kama ni malaria, vile vidonge viwili havisaidii. Kama ni bakteria, vinaua zile zazifu, zenye nguvu zinabaki na kuzaana. Tena munganga akichota maji ya mugongoni, labo inaweza kukosa kuona kidudu, maana dawa imekificha bila kukimaliza. Siku ya kuponyesha inapita hivihivi.

Basi mwenzetu akiwa na homa pamoja na shingo ngumu, kutapika, macho kuchoka na mwanga, ao akianza kusema ovyo, tusingoje asubuhi. Tumwambie mukubwa wa nyumba, tumupeleke hospitali usiku uleule. Hata akitibiwa vizuri anaweza kubaki kiziwi. Akichelewa, hatari inazidi. Na kama munganga ameandika dawa za siku saba, tuzimalize zote saba, hata kama siku ya tatu tunajisikia kucheza mupira.

Maulizo

1. Kwa nini chembe nyeupe zinashindwa kushika bakteria ya meninjiti?
2. Chanjo na antibiotiki zinaachana wapi?
3. Dada yako ana homa na shingo ngumu, na mama anataka kununua vidonge sokoni. Utamueleza nini, kwa heshima?