Kutoka Mtungi hadi Jokofu: Somo la Sayansi na Ufundi wa Kesho

Katika mazoezi ya kufundisha niliyoyasimamia miaka michache iliyopita, mwalimu mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni: "Jokofu ni mashine ya kutengeneza baridi." Watoto wa darasa la sita wakanakili. Andalio la somo lilikuwa zuri, zana zilikuwapo, nidhamu haikuwa na dosari. Lakini sentensi ile ilikuwa na kosa ambalo mtoto akikua nalo litamsumbua siku atakaposhika spana. Baridi haitengenezwi. Baridi ni upungufu wa joto tu, na kazi yote ya jokofu ni kulitoa joto mahali pamoja na kulitupa mahali pengine.

Huenda mwanachuo akauliza jambo hili lamhusu nini yeye aliyekuja kujifunza ualimu wa shule ya msingi. Lamhusu sana. Vyuo vya ufundi stadi vilivyo chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, kwa miaka mingi vimewapokea hata vijana waliomaliza darasa la saba, na ufundi wa majokofu na viyoyozi ni miongoni mwa fani zinazofundishwa. Kijana wa namna hiyo huingia karakana akiwa na sayansi aliyopewa na sisi, basi.

Somo lianzie kwenye mtungi. Kila mtoto anajua kwamba maji ya mtungi wa udongo hupoa kuliko ya ndoo ya plastiki, lakini ni wachache waliowahi kuulizwa sababu. Maji hupenya vitundu vidogo vya udongo, hufika nje na kugeuka mvuke. Nayo yakigeuka mvuke huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Zichukue chupa mbili za maji, moja uizungushie kitambaa kibichi, uziweke kivulini penye upepo, kisha watoto wasome kipimajoto kila baada ya dakika kumi.

Hapa nitoe tahadhari, maana mimi mwenyewe niliwahi kuaibika. Nilifanya jaribio hili pwani wakati wa masika, na chupa zote mbili zikabaki karibu sawa, watoto wakacheka. Hewa ilikuwa imejaa unyevu, kwa hiyo maji ya kitambaa hayakupata pa kwenda. Dodoma wakati wa kiangazi jaribio lile lile hufaulu vizuri. Likikushinda, usilifiche; waulize watoto kwa nini limeshindwa, nao watajifunza zaidi.

Sasa uingie kwenye jokofu. Mtungi hupoteza maji yake hewani, na lazima ujazwe tena. Jokofu halipotezi kitu. Ndani ya mabomba yake mna kimiminika kinachochemka kwenye baridi kali. Kikigeuka mvuke ndani ya jokofu hulibeba joto la chakula. Kompresa huuvuta mvuke ule na kuushindilia hadi uwe moto. Kisha mvuke hupita kwenye mabomba ya nje, hutoa joto lake na kuwa kimiminika tena. Kimiminika hicho hupita kwenye kibomba chembamba sana, kanieneo lake hushuka, na safari huanza upya. Mtoto aliyewahi kupitisha mkono nyuma ya jokofu la dukani akahisi joto ataelewa mara moja. Kisha muulize: tukilifungua jokofu ndani ya chumba kilichofungwa, je, chumba kitapoa? Waache wabishane. Chumba kitazidi joto, kwa sababu joto lililotolewa hurudishwa humo humo, na umeme wa mashine huongeza jingine.

Usiisahau hesabu. Friza ya nyama huwekwa nyuzi -18, chanjo nyingi za zahanati hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na fundi hupima gesi kwa gramu. Namba hasi zinazowachosha watoto hupata maana hapo.

Kuhusu gesi yenyewe, mwalimu asizungumze kwa kubahatisha. Ile ya R-12 iliyotumika miaka mingi iliharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianza kuizuia. R-134a iliyochukua nafasi yake haidhuru ozoni, lakini huongeza joto la dunia, ndiyo maana nchi zilikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Majokofu mengi mapya ya nyumbani hutumia R-600a, nayo hushika moto. Fundi aliyejifunza kwa kuiga tu, akachomelea bomba bila kuuliza kuna gesi gani ndani, anaweza kujiunguza yeye na mwenye nyumba.

Kama kuna fundi wa majokofu karibu na shule, mwalike darasani, na kama ni mwanamke ni bora zaidi, kwani wasichana wetu bado huambiwa kazi hii si yao. Asije kuhutubia. Aje na kompresa iliyokufa, aikate mbele ya watoto, nao waulize watakalo.