UNGA MCHANGANYIKO: FAIDA YA MWOKAJI IKO WAPI?

Kila bei ya ngano inapopanda katika soko la dunia, wenye viwanda vya mikate huuliza swali lile lile: hakuna unga mwingine wa kupunguza mzigo huu? Mara ya mwisho swali hilo kuulizwa kwa kishindo ilikuwa Machi 2022, wiki chache baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza. Nchi hizo mbili zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa nje duniani. Tanzania hulima ngano Hanang' na katika sehemu chache za nyanda za juu, lakini sehemu kubwa ya inayosagwa nchini huteremshwa bandarini. Muhogo na viazi vitamu, kwa upande mwingine, hulimwa karibu kila mkoa.

Wazo la kuchanganya si geni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko mwaka 1964, likilenga nchi ambazo hali ya hewa yake haifai kwa ngano. Zaidi ya nusu karne imepita na mkate wa dukani bado ni wa ngano. Mwokaji anayetaka kujaribu leo ni vema aelewe kwanza kwa nini.

Sababu ya kwanza imo ndani ya unga wenyewe. Ngano ikikandwa kwa maji, protini zake huungana na kufanya utando unaovutika uitwao gluteni. Hamira inapotoa hewa, utando huo huikamata na donge huumuka. Muhogo hauna gluteni hata chembe. Kila kilo ya muhogo inayoingia kwenye mashine ni kilo inayopunguza nguvu ya kushika hewa. Kwa asilimia 10 mlaji wa kawaida ni vigumu kutambua. Ikifika asilimia 20, mwokaji huhitaji viboreshaji na ngano yenye nguvu zaidi; ikizidi hapo, mkate huwa mdogo, mzito, na hukauka mapema.

Tena si kila unga wa muhogo unafaa. Makopa na udaga vinavyouzwa kwa ajili ya ugali huwa vimeanikwa siku nyingi au kuvundikwa, na harufu yake pamoja na uchachu hupenya hadi kwenye mkate. Unaotakiwa na mwokaji ni ule wa muhogo uliomenywa, kukunwa, kukamuliwa na kukaushwa ndani ya siku moja tangu kung'olewa. Muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo mashine lazima iwe karibu na shamba. Hapo ndipo miradi mingi ilipokwama.

Nigeria ndiyo darasa kubwa zaidi la jambo hili. Mwaka 1987 serikali yake ilipiga marufuku uagizaji wa ngano. Ngano ikapita njia za panya, na marufuku ikaondolewa miaka michache baadaye. Mwaka 2012, Akinwumi Adesina akiwa Waziri wa Kilimo, nchi hiyo ilitumia njia nyingine: ilipandisha tozo kwa ngano na unga wake kutoka nje, na kuhimiza mkate wenye asilimia 20 ya muhogo. Nia ilikuwa kuokoa fedha za kigeni. Lakini amri ya serikali haikaushi muhogo. Wasagishaji walihitaji tani nyingi za unga wa ubora ule ule kila wiki, na wasindikaji wadogo waliotawanyika hawakuweza kuzitoa kwa uhakika.

Sababu ya pili ni hesabu, na hii haizungumzwi vya kutosha. Chukua mfano wa kubuni. Kilo ya unga wa ngano iwe shilingi 2,000 na ya muhogo shilingi 1,500. Mfuko wa kilo 50 wa ngano tupu utagharimu shilingi 100,000. Mchanganyiko wa asilimia 10 utakuwa kilo 45 za ngano kwa shilingi 90,000 na kilo 5 za muhogo kwa shilingi 7,500, jumla shilingi 97,500. Mwokaji ameokoa shilingi 2,500. Mfuko huo hutoa mikate kama 140 ya nusu kilo. Mkate ukiuzwa shilingi 1,500, inatosha mikate miwili tu irudishwe na mwenye duka kwa kuwa imeporomoka, na akiba yote imekwisha, na shilingi 500 juu yake.

Atakayesema bei ya muhogo ishuke hadi shilingi 1,000 aangalie upande wa mkulima. Kilo moja ya unga huhitaji takriban kilo nne za muhogo mbichi. Mkulima akilipwa shilingi 250 kwa kilo, malighafi peke yake ni shilingi 1,000. Kumenya, kukuna, kukamua, kukausha, kusaga na kusafirisha vyote vitalipwa na nani? Fedha za kigeni zinazookolewa ni za taifa zima, ila mkate ulioporomoka ni wa mwokaji peke yake. Hadi pengo hilo lizibwe, kwa punguzo la kodi au kwa bei ya ngano kupanda sana, muhogo ndani ya mkate wa kopo utabaki kuwa biashara ya faida nyembamba.

Viazi vitamu vimefuata njia nyingine, na matokeo yake yanatia moyo zaidi. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Watafiti walioviendeleza na kuvisambaza, Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na Howarth Bouis. Mwanzoni wengi walidhani viazi hivyo navyo visagwe unga. Ikaonekana kwamba kukausha ni ghali, kwani kilo ya unga hula kilo nne hadi tano za viazi, na karotini hupungua unga unapokaa ghalani.

Ugunduzi uliofungua soko ulikuwa rahisi mno: usikaushe. Viazi huchemshwa au kupikwa kwa mvuke, hupondwa kuwa rojo, na rojo hilo huingizwa moja kwa moja kwenye donge. Katika utafiti wa Msumbiji uliochapishwa mwaka 2008, viazi vilivyopondwa vilichukua nafasi ya asilimia 38 ya unga wa ngano kwenye mikate midogo. Nchini Kenya, kampuni ya Organi ya Homa Bay ilisindika rojo, na kuanzia mwaka 2015 maduka ya Tuskys yaliuza mkate wake. Mtandao huo wa maduka ulikuja kufungwa kwa matatizo yake ya fedha, lakini mkate ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba una wanunuzi.

Mwokaji asidanganywe na hiyo asilimia 38. Karibu robo tatu ya rojo ni maji, ndiyo maana lazima apunguze maji ya kukandia, la sivyo donge litakuwa uji. Sukari nayo hupunguzwa, kwa sababu viazi vina utamu wao. Kwa malipo hayo anapata mkate wa rangi ya dhahabu unaobaki laini siku nyingi zaidi. Huyu hauzi mkate wa bei nafuu. Anauza mkate tofauti, na anaweza kuutoza zaidi. Hapo ndipo viazi vinapoupita muhogo kibiashara.

Kwenye biskuti mambo ni mepesi zaidi, maana biskuti haihitaji kuumuka na unga dhaifu ndiyo unaoifaa. Nchini Rwanda kampuni ya Sina Gerard ilitoa biskuti za viazi lishe hata kabla ya mkate wa Kenya. Maandazi na chapati nazo huvumilia mchanganyiko mzito kuliko mkate wa kopo. Na pwani hakuna wa kufundishwa kwamba ngano si lazima: vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele, nazi na hamira tangu enzi za mabibi.

Mwenye kiwanda kidogo anayetaka kuanza ajaribu biskuti au maandazi kabla ya mkate. Baada ya hapo aoke mikate ya asilimia 5, kisha 10, akipima uzito na kimo cha kila mmoja, na aiache rafuni siku mbili kabla ya kuikata. Unga wa muhogo aununue kwa anayekausha siku ile ile, akiunusa kila gunia linapofunguliwa. Rojo la viazi, kama hana jokofu na halijasindikwa kwa ajili ya kuhifadhiwa, alitumie siku lilipopondwa.