Kumfundisha Mbwa Kuja Aitwapo

Mbwa asiyekuja aitwapo ni hatari: aweza kukimbilia barabarani akagongwa na gari, au kumrukia mtoto wa jirani. Kwa hiyo hilo ndilo somo lake la kwanza.

Mvike mkanda wa shingoni, umfunge kamba ndefu. Mwite mara moja kwa sauti ya furaha, huku ukirudi nyuma. Akifika, mpe papo hapo kipande kidogo cha nyama; ukikawia, hatajua analipwa kwa tendo gani. Fanya hivyo kwa dakika 5, mara mbili kila siku, kwanza uani penye utulivu, kisha penye watu.

Akichelewa kuja, usimpige. Atadhani amepigwa kwa sababu ya kukujia, na kesho atakukimbia.

Utii huu ndio msingi wa michezo ya mbwa pia. Katika mashindano ya mbwa wa kondoo, kama yale yaliyofanywa Bala, Wales, mwaka 1873, mchungaji husimama mbali, na mbwa huongoza kondoo kwa kufuata sauti yake au mluzi tu.

Wenye mbwa nyumbani, jaribuni likizo hii.