Jinsi ya Kuchagua Mfuko wa Kulalia Kabla ya Kwenda Kambini

Julai hapa Msalato, mchana unaweza kutembea na shati jepesi. Jua likishazama, anga halina wingu la kushika joto, upepo unaanza, na ikifika alfajiri joto limeshuka hadi nyuzi 13 au 14. Usiku wangu wa kwanza kulala nje nilijifunika mfuko mnene, lakini chini yangu palikuwa ardhi tupu. Kifua kilitoka jasho, mgongo ukafa ganzi. Ndipo nilipoelewa kwamba mfuko hautengenezi joto. Joto ni la mwili wako. Mfuko unalitunza tu.

Hatua ya 1: Jua utalala wapi. Pima kwa mahali penye baridi zaidi katika safari yako. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5. Msalato iko kwenye mita 1,100 hivi, kilele cha Hanang kiko mita 3,420: tofauti ni kama nyuzi 15. Usiku wa nyuzi 14 nyumbani, kule juu ni karibu na kuganda. Kwa safari ya kuona michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, mfuko mwepesi unatosha. Kwa kambi ya Barafu, Kilimanjaro, tafuta unaohimili baridi iliyo chini sana ya sifuri.

Hatua ya 2: Soma lebo. Neno la kufuata ni Comfort: hicho ndicho kiwango cha kulala vizuri. Extreme ni kiwango cha kunusurika tu, usikitegemee. Mifuko ya mitumba kutoka Marekani huandikwa kwa Fahrenheit. Toa 32, kisha gawa kwa 1.8. Hivyo 20 ya lebo ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri.

Hatua ya 3: Chagua kijazo. Manyoya ya bata ni mepesi na hukunjika yakawa madogo, ila yakilowa hushikana na kuacha kutunza joto. Yanafaa kiangazi chetu kikavu. Nyuzi za sintetiki ni nzito zaidi, lakini huvumilia unyevu wa misitu ya milimani, na bei yake ni nafuu.

Hatua ya 4: Ingia ndani yake. Usione aibu, hata kama ni sokoni. Funga zipu, geuka ubavu. Mabega yasibanwe, vidole vya miguu visisukume mwisho wa mfuko. Ukiwa mpana mno, mwili utahangaika kupasha hewa tupu. Kwa milimani, chukua wenye kofia.

Hatua ya 5: Kagua mtumba. Finya kijazo kwenye ngumi, kisha achia. Kikiumuka upesi, bado kizima. Kikibaki bapa, uache. Uinue mbele ya jua: mahali mwanga unapopenya, kijazo kimehama. Vuta zipu mara kumi, na nusa kama una harufu ya ukungu.

Hatua ya 6: Nunua na cha kutandika chini. Kijazo ukikilalia kinabonyea, hakizuii baridi ya ardhi. Tenga fedha ya godoro jembamba la sponji. Huku kwetu godoro la upepo huweza kutobolewa na mwiba wa mgunga usiku wa kwanza. Tandika turubai chini yake.

Hatua ya 7: Ujaribu uani. Kabla ya kuingia, ukung'ute vizuri, maana nge hupenda mahali pa kujificha. Lala humo hadi asubuhi, wiki mbili kabla ya safari. Baridi ikikuamsha saa kumi alfajiri, ongeza shuka la kimasai ndani, au ubadilishe mfuko. Uani mlango wa nyumba uko hatua chache. Hanang hakuna mlango wa kukimbilia.