Kutoka Rexdale hadi Vilima Vyekundu vya Cheltenham

Ontario haina jangwa, lakini huko Caledon, chini ya saa moja kwa gari kutoka Rexdale barabara zikiwa wazi, kuna vilima vyekundu, vitupu, visivyoota hata jani. Ni Cheltenham Badlands. Ukitaka kupaona bila kupaharibu, fanya hivi.

1. Chagua siku. Majira ya baridi pamefungwa. Nenda siku ya kazi, asubuhi au alasiri, jua likiwa chini. Hapo ndipo wekundu hukolea.

2. Lipia maegesho mapema. Nafasi huwekwa kwenye tovuti ya Credit Valley Conservation, kwa muda maalumu. Usitegemee kuegesha kando ya barabara, hairuhusiwi.

3. Shika njia. Fuata Rexdale Boulevard kuelekea magharibi hadi igeuke Derry Road, ingia barabara kuu ya 410 kwenda kaskazini, endelea na Hurontario, kisha kata kushoto Olde Base Line Road. Beba maji na kofia, maana kivuli ni haba.

4. Baki kwenye njia ya mbao. Mwamba huu ni laini, na nyayo za wageni ziliumega hadi pakafungwa mwaka 2015. Palifunguliwa tena mwaka 2018, baada ya kujengwa njia hiyo. Mtoto akitaka kushuka kupiga picha, mshike mkono.

5. Soma rangi. Mwamba ulianza kama tope, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Wekundu ni kutu ya chuma. Michirizi ya kijani imeachwa na maji ya ardhini yaliyokibadili chuma hicho.

6. Waeleze watoto chanzo cha utupu wa vilima hivi. Miaka mia moja hivi iliyopita palikuwa shamba. Miti ilikatwa, mifugo ikachungwa kupita kiasi, mvua ikazoa udongo wote. Wenye asili ya Dodoma watakumbuka Kondoa: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye vilima vilivyoliwa na makorongo. Kule majani yalirudi kwa sababu watu waliwahi. Cheltenham udongo ulikwisha kabisa, ukabaki mwamba. Watoto wakielewa tofauti hiyo, wataheshimu udongo popote watakapoishi.