Neno "Sub" na Maana Zake

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Kaloleni, Bahati na Jericho, wako watu wakaao katika vyumba ambavyo kodi yake hawaipeleki kwa mwenye nyumba. Huipeleka kwa mpangaji mwingine, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa daftarini. Kwa Kiingereza mtu wa namna hii huitwa "sub-tenant". Uzito wa jina hilo umo katika herufi tatu za mwanzo.

"Sub" ilitoka katika Kilatini, na maana yake ni "chini ya". "Submarine" ni nyambizi, chombo kiendacho chini ya bahari. "Suburb", kitongoji cha mji, nalo lina asili hiyo hiyo; na hapo Nairobi ina kichekesho chake, kwa kuwa wengi wayaitao makao yao "suburb" wako juu vilimani upande wa magharibi.

Wafasiri wamezoea kuandika "ndogo" mahali pa "sub". "Sub-committee" ni kamati ndogo, na "sub-county" ni kaunti ndogo. Tafsiri hiyo yafaa, lakini isimdanganye msomaji. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ndogo ya Makadara ilikuwa na watu wengi kuliko kaunti nzima ya Lamu. Makadara yaitwa ndogo kwa sababu imo ndani ya kaunti nyingine na iko chini yake.

Ndivyo ilivyo kwa "sub-tenant". Huenda chumba chake ni kikubwa, na kodi ailipayo ni kubwa kuliko ile aitoayo mpangaji wa kwanza. Lakini haki yake yaning'inia katika haki ya mwenzake. Yule wa kwanza akipoteza nyumba, wa pili kwa kawaida hana pa kushika, hata kama hadaiwi senti. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 yamkataza mpangaji kumpangisha mwingine pasipo idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, ingawa mwenye nyumba naye hana ruhusa ya kuinyima pasipo sababu ya haki. Kwa hiyo atafutaye chumba kwa njia hii aombe kuionyeshwa karatasi ya idhini kabla hajatoa fedha.

Tena "sub" hujificha. Katika mikataba imo ndani ya maneno "subject to", yaani "kwa sharti la". Maneno hayo hupenda kukaa karibu na ahadi njema, na asomaye upesi huiona ahadi akaliruka sharti. Imo pia katika "subpoena", hati ya kumwita mtu barazani. Kwa Kilatini ni "chini ya adhabu", na asiyekwenda huijua maana yake.

Likisimama peke yake, "sub" ni ufupisho tu. Uwanjani Camp Toyoyo, Jericho, ni mchezaji wa akiba, kutoka neno "substitute"; katika ligi ya Uingereza wachezaji hao walianza kuruhusiwa mwaka 1965. Na mfanyakazi wa Uingereza aombaye "sub" haombi kuingia mchezoni. Aomba sehemu ya mshahara kabla ya siku yake, jambo ambalo Nairobi huitwa advansi, nayo hukatwa mwisho wa mwezi.